Je, Gabbar Alikufa au Alifungwa? Ushabiki wa Picha za Zamani Hapa Garsen

Wenzangu katika jarida hili wameandika juu ya kilimo cha mpunga, uvuvi wa kambare na desturi za harusi. Mimi nimeonelea nieleze habari za picha za zamani. Najua wapo watakaocheka na kuuliza, "Picha nazo ni somo?" Naam, ni somo, tena pana. Nakusihi unisome hadi mwisho ndipo uhukumu.

Kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe. Vitabuni tumefundishwa kusema filamu. Wazee wetu wa pwani husema sinema au picha. Mzee akikwambia, "Jana usiku niliangalia picha," usidhani alishika albamu ya familia. Alikuwa mbele ya televisheni akitazama wapanda farasi wakikimbizana. Nami katika makala haya nitasema picha, kwa sababu ndivyo wenye mambo yao wanavyosema.

Nia yangu ni kueleza mambo matatu. La kwanza, picha hizi zilifikaje huku kwetu? La pili, kwa nini watu wazima wenye wajukuu hawachoki kuzijadili? La tatu, kwa nini tukizembea zitatuponyoka?

PICHA ZILIFIKAJE HUKU?

Sinema kama tuijuavyo ilianza kuonyeshwa kwa kiingilio mjini Paris, Ufaransa, tarehe 28 Desemba 1895, na ndugu wawili wa ukoo wa Lumière. Haikuchukua muda mrefu kuvuka bahari. Kati ya 1935 na 1937 Waingereza waliendesha mradi wa kutengeneza picha fupi huko Vugiri, katika milima ya Usambara, Tanganyika. Picha hizo zilihusu kilimo, afya na kuweka akiba, zikazungushwa kwa lori katika nchi za Afrika Mashariki na ya Kati. Lori lilibeba mashine, jenereta na kitambaa cheupe. Watu walikaa chini, taa ikawashwa, mbu wa kwenye kitambaa akaonekana mkubwa kuliko mbuzi.

Picha za burudani zilikuwa za mijini. Mombasa kulikuwa na majumba kama Regal na Naaz, Unguja kulikuwa na Majestic. Mtu wa Garsen aliyetaka kuingia jumba la sinema alisafiri zaidi ya kilomita 200 hadi Mombasa, tena katika enzi ambapo mto wetu ulivukwa kwa kivuko na mvua kubwa ikinyesha basi lililala njiani. Aliyerudi alikuwa mtu wa maana kijijini. Alisimulia picha moja kwa siku tatu, na waliomsikiliza walisimulia wengine. Kwa hiyo kuna watu hapa waliozijua picha kwa masikio miaka mingi kabla ya kuziona kwa macho.

Mambo yalibadilika ilipokuja video. Mwaka wa 1976 kampuni ya JVC ya Japani ilitoa mashine ya kuchezea kanda za aina ya VHS. Katika miaka ya themanini na tisini mashine hizo zilienea pwani nzima. Huku kwetu, kabla ya nguzo za umeme kufika vijijini, mwenye video alihitaji vitu vitatu: televisheni, mashine, na jenereta au betri ya gari. Akipata chumba cha udongo na mabenchi, tayari ana sinema. Babu yangu hunieleza kwamba kiingilio kilikuwa shilingi chache tu, na asiyekuwa nazo alitoboa tundu kwenye makuti akachungulia hadi afukuzwe. Ndugu zetu wa Tanzania huviita vyumba vya namna hiyo vibanda umiza. Ukikaa saa tatu juu ya ubao bila kuegemea, utajua kwa nini.

LUGHA YA MASHABIKI

Mashabiki wa picha za zamani wana istilahi zao, na mgeni asipozijua atakaa barazani kama kiziwi. Mhusika mkuu ni steringi. Wengine humwita akta. Anayepingana naye ni adui. Yupo pia mchekeshaji, ambaye kazi yake ni kuwapumzisha watu baada ya vilio. Kanuni ya kwanza ya mashabiki ni hii: steringi hafi. Anaweza kupigwa, kufungwa na kutupwa mtoni, lakini atarudi.

Kwa kuwa kanuni hiyo inajulikana na wote, picha inayoivunja haisahauliki. Chukua mfano wa Fist of Fury ya Bruce Lee, iliyotoka 1972. Mwishoni steringi anatoka nje, anawakuta watu wenye bunduki, anakimbia na kuruka hewani. Hapo picha inaganda na milio ya risasi inasikika. Basi! Imekwisha. Je, alikufa? Nimewasikia watu wazima wakibishana juu ya mruko huo hadi chai ikapoa. Mmoja alisema, "Wee, risasi zote zile! Atapona vipi?" Mwenzake akajibu, "Mi sikuona maiti. Na we hukuiona." Bruce Lee mwenyewe alifariki Hong Kong tarehe 20 Julai 1973 akiwa na umri wa miaka 32, na Enter the Dragon, picha iliyompa sifa dunia nzima, ikatoka baada ya kifo chake. Labda ndiyo sababu mashabiki wake hawapendi kukubali kwamba steringi hufa.

Swali jingine ninaloulizwa sana na wenzangu shuleni ni hili: wazee wetu walielewaje picha za Kihindi ilhali hawajui Kihindi? Jibu lina sehemu tatu. Kwanza, picha zenyewe zilitengenezwa zieleweke. India ni nchi ya lugha nyingi, kwa hiyo uso, wimbo na machozi vilibeba maana kubwa. Pili, alikuwapo mfasiri. Katika kila kibanda alipatikana mtu aliyedai kuijua lugha, akasimama karibu na televisheni na kueleza. Wakati mwingine alieleza yaliyosemwa, wakati mwingine yaliyompendeza yeye. Kazi hiyo haijafa. Hapa Kenya DJ Afro amejipatia jina kwa kuzitangaza picha za kigeni kwa Kiswahili cha mtaani, na Uganda watangazaji wa aina hiyo huitwa VJ.

Sehemu ya tatu inatuhusu sisi wanachama wa Chama cha Kiswahili. Kihindi na Kiswahili vilikopa maneno kutoka ghala moja, yaani Kiarabu na Kiajemi. Mhindi akisema duniya, mswahili anasikia dunia. Kitab ni kitabu, khabar ni habari, waqt ni wakati, rang ni rangi, na chai ni chai ile ile. Mtu akiyadaka maneno matano kama hayo ndani ya wimbo, naye anauona uso wa mama anayelia, mengine anayajaza mwenyewe.

NYOTA WA MBALI NA NYOTA WA KWETU

Majina yanayotajwa zaidi barazani kwetu ni Nargis, Raj Kapoor, Dharmendra, Hema Malini na Amitabh Bachchan. Raj Kapoor na Nargis walivuma kwa Awaara ya 1951. Amitabh, aliyezaliwa 1942, alipendwa kwa urefu wake, sauti nzito na hasira ya kimya. Dharmendra alipendwa kwa kifua na kicheko. Alipofariki tarehe 24 Novemba 2025, kuna watu hapa Garsen walioombolezana kana kwamba wamefiwa na jirani.

Lakini wengi wetu hatujui kwamba kaunti yetu ya Tana River nayo iliwahi kuwa na nyota wa sinema, naye alikuwa simba. Mwaka wa 1966 ilitoka picha ya Born Free, iliyopigwa hapa Kenya, juu ya simba jike aitwaye Elsa aliyelelewa na George na Joy Adamson kisha akarudishwa porini. Miongoni mwa simba walioigiza alikuwamo dume mmoja aliyeitwa Boy. Kazi ya picha ilipokwisha, George Adamson alimchukua ili amfundishe maisha ya porini, na mwaka wa 1970 akahamia naye Kora, upande wa juu wa mto huu huu unaopita Garsen. Mwaka huo huo aliletwa Kora simba mwingine, Christian, aliyenunuliwa katika duka kubwa la Harrods mjini London. Habari zake nazo zikatengenezewa picha.

Sasa angalia tofauti ya picha na maisha. Born Free humalizika kwa furaha. Kora mambo yalikuwa mazito. Mwaka wa 1971 Boy alimuua mfanyakazi wa kambi, na Adamson akampiga risasi simba wake mwenyewe. Tarehe 20 Agosti 1989 Adamson naye aliuawa na majambazi huko huko Kora. Kwa hiyo mashabiki wanapokaa kujadili mwisho wa picha hawapotezi wakati. Wanauliza jambo la msingi: mwisho tulioonyeshwa ndio mwisho wenyewe?

MTO, MAFURIKO NA MAMA

Ukitaka kujua kwa nini picha ya miaka mingi iliyopita, kutoka nchi ya mbali, inawaliza watu wa Tana, itazame Mother India. Iliongozwa na Mehboob Khan ikatoka 1957, na ilikuwa picha ya kwanza ya India kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar ya picha za lugha za kigeni.

Nargis anaigiza kama Radha, mke wa mkulima. Familia ina deni kwa tajiri mkopeshaji aitwaye Sukhilala, na kila mwaka sehemu kubwa ya mavuno inakwenda kwake. Mume anapondwa mikono na jiwe, anaona haya kuwa mzigo, anaondoka usiku asirudi tena. Halafu yanakuja mafuriko. Nyumba zinabomoka, mazao yanaoza, Radha anafiwa na mtoto mchanga. Wanakijiji wanafunga virago wahame. Mama yule anawasihi wabaki, nao wanabaki, wanalima upya.

Niambie, mtu wa Tana Delta atahitaji mfasiri hapo? Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilivunja kingo za mradi mkubwa wa mpunga katika delta yetu. Mwishoni mwa 2023 maji yalipanda tena, barabara zikakatika, watu wakahamia kambini na magodoro vichwani. Nilipoitazama Mother India kwa mara ya kwanza pamoja na nyanya yangu, ilipofika mahali pa mafuriko alisema tu, "Huyu ni mtu wa huku."

Picha ile huanza na kwisha kwa mfereji wa maji. Radha akiwa mzee anaombwa aufungue. Watu wetu wanajua kwamba mfereji unaweza kuwa na gharama kuliko saruji yake. Hapo Hola, tarehe 3 Machi 1959, wafungwa wa kisiasa 11 waliuawa kwa kipigo walipolazimishwa kufanya kazi katika mradi wa kunyunyizia mashamba maji.

Lakini jambo linalojadiliwa zaidi ni uamuzi wa mwisho wa Radha. Mwanawe Birju, aliyeigizwa na Sunil Dutt, anakuwa jambazi. Anamuua Sukhilala na kumteka binti yake siku ya harusi. Birju ana sababu, maana tajiri yule aliwanyonya tangu utotoni. Hata hivyo mama anashika bunduki na kumpiga risasi mwanawe kipenzi, kwa kuwa heshima ya binti wa kijiji ni heshima yake pia. Hakuuliza kama mkosaji ni wake. Aliuliza kama amekosa. Maneno haya si yangu, ni ya nyanya yangu.

MZOZO WA GABBAR

Sasa tufike kwenye kichwa cha makala. Picha ya Sholay ilitoka India tarehe 15 Agosti 1975, ikiongozwa na Ramesh Sippy. Thakur, aliyeigizwa na Sanjeev Kumar, alikuwa ofisa wa polisi aliyemkamata jambazi Gabbar Singh, aliyeigizwa na Amjad Khan. Gabbar anatoroka gerezani, anaiua familia ya Thakur, halafu anamkata Thakur mikono yote miwili. Thakur anawaajiri wahalifu wawili wadogo wenye mioyo mizuri, Veeru (Dharmendra) na Jai (Amitabh), wamletee Gabbar akiwa hai. Jai anakufa katika mapambano. Mashabiki walilia, maana kanuni ya steringi hafi ilivunjwa mchana kweupe.

Mwishoni Gabbar anakamatwa, na Thakur asiye na mikono anapambana naye kwa miguu, akiwa amevaa viatu vyenye misumari. Je, nini kilifuata?

Hapo ndipo kulipo mzozo. Babu yangu ni mkulima wa mpunga na maembe. Ana rafiki yake mfugaji wa ng'ombe, ambaye mimi pia humwita babu. Wawili hawa wamebishana juu ya Gabbar tangu kabla mama yangu hajaolewa. Mzee mfugaji husema, "Polisi walikuja, wakamwambia Thakur sheria ifuate mkondo wake, wakamchukua Gabbar." Babu yangu hujibu, "Wallahi alimuua! Mi n'liona kwa macho yangu, kwa kanda iliyotoka Uingereza. Alimsukuma kwenye chuma chenye ncha, akafa, halafu Thakur akalia." Karibu baraza zima lilikuwa upande wa mzee mfugaji. Babu aliitwa mwongo kwa mzaha, na mzaha ukizidi miaka ishirini si mzaha tena.

Halafu ulikuja mwaka wa 2012. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013 mapigano ya wakulima na wafugaji katika Tana Delta yaliua zaidi ya watu 100, wakiwamo wanawake na watoto. Vijiji vilichomwa. Wale wazee wawili hawakuonana kwa muda mrefu. Kila mmoja alikuwa amezika watu. Sitaandika nani alianza, maana mimi nilikuwa mtoto mchanga, na kila upande una hesabu yake.

Ninalojua ni jinsi walivyorudiana, kwa sababu limesimuliwa nyumbani kwetu mara nyingi. Walikutana sokoni Garsen. Wakasalimiana, wakanyamaza. Hapakuwa na neno lililofaa. Mwishowe yule mfugaji akasema, "Na bado polisi walimchukua." Babu akajibu, "Wapi! Alikufa." Wakaenda kunywa chai.

Miaka ikapita. Mnamo Juni 2025 Sholay ilionyeshwa huko Bologna, Italia, baada ya kusafishwa na kurudishiwa mwisho wake wa asili. Habari hiyo niliisoma nikaipeleka barazani, nikawaeleza hivi. Mwongozaji alipiga mwisho ambamo Thakur anamuua Gabbar. Lakini wakati ule India ilikuwa chini ya hali ya hatari, iliyotangazwa tarehe 25 Juni 1975. Wakaguzi wa filamu hawakutaka aliyekuwa polisi aonekane akijichukulia sheria mkononi. Ikabidi mwisho upigwe upya, polisi wafike kwa wakati na kumtia Gabbar mbaroni. Huo ndio mwisho ulioonyeshwa katika majumba ya sinema. Ule wa kwanza ulitoka kwenye kanda za video huko Uingereza mwaka wa 1990.

Kwa hiyo wote wawili walisema kweli. Kila mmoja aliona kanda yake.

Nilidhani babu atashangilia. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Mimi nilijua niliona. Lakini ule mwisho siupendi tena kama nilivyoupenda zamani." Yule mzee mwenzake akatikisa kichwa, akasema, "Nami wa polisi nimeutilia shaka. Wale polisi walikuwa wapi Gabbar alipokuwa akikata watu mikono?" Baraza lilinyamaza. Kila mtu alijua hawazungumzii India.

Ndugu msomaji, hapa ndipo nilipoelewa ushabiki wa picha za zamani. Kuna maswali ambayo jirani hawezi kumwuliza jirani yake usoni: kisasi au sheria? Na sheria ikichelewa je? Ukimwuliza mtu hivyo juu ya ndugu yake aliyeuawa, mtavunjiana heshima. Ukimwuliza juu ya Thakur, atakujibu, mtabishana, mtacheka, na kila mmoja atakuwa amesikika.

KANDA NAZO HUFA

Lakini majadiliano yanahitaji ushahidi, na ushahidi wetu unaoza. Ile kanda ya babu ilikuwa ndani ya sanduku la bati. Maji ya 2023 yaliingia ndani ya nyumba usiku, na sanduku likakaa matopeni siku nyingi. Tulipolifungua tulikuta tope, kuvu na plastiki iliyonata.

Wacha nieleze kinachotokea. Ndani ya kanda ya VHS mna utepe mrefu wa plastiki wenye upana wa nusu inchi. Utepe huo umepakwa chembechembe za madini ya sumaku, zikashikwa kwa gundi. Picha na sauti zimeandikwa kwa mpangilio wa sumaku ya chembechembe hizo. Mashine ina gurudumu lenye vichwa vidogo vinavyozunguka kwa kasi na kusoma mpangilio huo. Kwa hiyo kanda ina maadui watano: unyevu, joto, vumbi, sumaku na kuchezwa kupita kiasi. Gundi hunywa unyevu wa hewa, ikalainika na kunata. Kuvu huota juu ya utepe. Hata ukiitunza vizuri, miaka yake ina kikomo.

Lipo pia tatizo la nakala. Kanda ikinakiliwa kutoka kanda nyingine, picha hupungua ubora kidogo. Nakala ya nakala ya nakala huwa kama kutazama kupitia chandarua. Tena Sholay ina zaidi ya saa tatu, ilhali kanda ya kawaida ya E-180 huchukua dakika 180. Wengine walitumia kanda ndefu, wengine kanda mbili, na ya pili ikipotea mtu anabaki hajui mwisho kabisa.

Mashine zenyewe zinaadimika. Funai ya Japani, kampuni ya mwisho kuzitengeneza, iliacha kazi hiyo mnamo Julai 2016. Aliye na mashine nzima leo ana mali.

Tufanye nini? Kanda kavu iwekwe wima ndani ya jalada lake, mahali pa juu, pakavu na penye baridi, mbali na spika kubwa zenye sumaku. Kanda iliyolowa maji ya mafuriko isitiwe mashineni hata kidogo, maana itakatika na kuchafua vichwa. Isianikwe juani wala karibu na moto. Tope lioshwe taratibu kwa maji safi ya baridi, kisha kanda ikaushwe kivulini kwenye upepo bila haraka. Mwisho ihamishiwe kwenye kompyuta. Mashine ya video huunganishwa na kifaa kidogo cha kunasa picha kwa nyaya tatu, ya njano kwa picha, nyeupe na nyekundu kwa sauti. Kanda ya saa tatu huchukua saa tatu kuhamisha, haina njia ya mkato.

Mtu ataniuliza, "Kwa nini tusumbuke ilhali Sholay inapatikana kwenye simu?" Swali zuri. Sholay haitapotea, wenyewe wanaitunza. Lakini nani atatutunzia kanda za harusi zetu, za maulidi, za mashindano ya mitumbwi, na zile ambazo mfasiri wa kibandani alirekodi sauti yake mwenyewe juu ya picha? Hizo zina nakala moja tu duniani, nayo ipo chini ya kitanda cha mtu.

SHIME, WANACHAMA!

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa idhini ya mwalimu mlezi napendekeza mambo matatu. Likizo ijayo kila mwanachama aandike orodha ya kanda zilizopo kwao: ni za nini, za mwaka gani, na zina hali gani. Pili, tuwaendee wazee, wakulima kwa wafugaji kwa wavuvi, tuwarekodi kwa simu wakisimulia picha walizozipenda, kwa Kiswahili chao wenyewe. Ukisikia steringi, adui, au neno lolote lisilo kwenye kamusi, liandike pamoja na maana yake. Tatu, muhula ujao chama chetu kiandae mdahalo, na wazee wawili niliowataja wameahidi kuja kukaa mbele.

Mada ninayoipendekeza ni hii: "Thakur angemwachia polisi Gabbar." Mimi nitakuwa upande wa kuunga mkono. Natafuta wapinzani wenye hoja, si wenye kelele. Majina yapelekwe kwa katibu.



Mwanachama, Kidato cha Tatu